Je, Wajua? Uvimbe Usiouma Ndio wa Kukimbilia Hospitali

Je, wajua kwamba wanaume nao huugua saratani ya matiti? Kaka, usifunue ukurasa, hii inakuhusu! Katika kila wagonjwa 100, takriban mmoja ni mwanaume. Mwigizaji wa Marekani Richard Roundtree, nyota wa filamu ya Shaft, aligundulika nayo mwaka 1993, akatibiwa, akaishi miaka 30 zaidi.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 pekee wanawake milioni 2.3 duniani waliambiwa wana saratani hii? Piga hesabu: ni zaidi ya wanawake wanne kila dakika! Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini Kenya, na Tanzania ni ya pili baada ya ile ya mlango wa kizazi.

Je, wajua kwamba uvimbe wa saratani, unapoanza, mara nyingi hauumi hata kidogo? Hapo ndipo wengi huponzwa, maana husubiri maumivu ndipo waende hospitali. Ukigusa kitu kigumu kisichouma, usiseme alhamdulillahi ukalala. Amka ukapimwe!

Lakini usitetemeke, dada. Uvimbe mwingi wa kwenye titi si saratani! Mwingine ni kifuko cha maji tu, mwingine ni kinyama kisicho na madhara. Vidole vyako haviwezi kuutofautisha. Vipimo vya hospitali vinaweza.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya saratani za titi huota upande wa juu, kuelekea kwapani? Basi unapojichunguza usiishie kwenye chuchu. Peleka vidole mpaka kwapani kwenyewe. Siku nzuri ni zile chache baada ya hedhi kwisha, titi likiwa limelainika. Uliyekoma hedhi, chagua tarehe moja ya kila mwezi uishike.

Na uvimbe si dalili pekee! Ngozi ikiwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikazama ndani, majimaji ya damu, upele wa chuchu usiopona: lolote kati ya hayo linatosha kukupeleka kwa daktari.

Je, wajua kwamba aibu ya kusema ni ya zamani mno? Takriban miaka 2,500 iliyopita, Malkia Atossa wa Uajemi alipata uvimbe kwenye titi. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba ulipokuwa mdogo malkia aliuficha kwa haya. Ulipopasuka na kuenea ndipo akamwita tabibu Democedes. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na malkia huyu aliponea chupuchupu!

Rudi nyuma zaidi, mpaka Misri. Mafunjo ya kitabibu ya miaka 3,600 iliyopita yanaeleza uvimbe wa titi, kisha yanakata kauli: hakuna tiba. Leo je? Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugundulika!

Je, wajua kwamba upasuaji wa kwanza unaojulikana kwa hakika kufanywa chini ya nusu kaputi ulikuwa wa saratani ya titi? Ilikuwa Japani, tarehe 13 Oktoba 1804. Daktari Hanaoka Seishu alimnywesha dawa ya mitishamba mama wa miaka 60, akalala fofofo, uvimbe ukatolewa. Ulaya na Marekani zilikuja kuamka miaka 40 baadaye!

Sasa shika benchi. Mwaka 1811, jijini Paris, mwandishi wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa titi akiwa macho, bila nusu kaputi. Akaishi miaka 28 zaidi, akafariki akiwa na umri wa miaka 87!

Je, wajua kwamba eksirei ya matiti ina zaidi ya miaka 100? Mwaka 1913, daktari Albert Salomon wa Berlin alipiga picha matiti 3,000 yaliyokuwa yamekatwa, akaona alama za saratani kwenye picha. Leo kipimo hicho, mamografia, hunasa uvimbe kabla kidole hakijaugusa. Unaogopa mionzi? Ni sawa na ile ambayo mwili wako hupokea kutoka ardhini na angani kwa muda wa wiki saba hivi!

Je, wajua kwamba tamoksifeni, dawa iliyookoa maisha ya wanawake wengi mno, ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 ikitafutwa dawa ya kuzuia mimba? Kwenye mimba ikashindwa. Kwenye saratani ya titi ikashinda!

Mama unayenyonyesha, hii ni yako. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi 30 ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Watoto wanne, kila mmoja miaka miwili: hiyo ni miaka minane ya kinga!

Je, wajua kwamba kuweka noti, sarafu au simu kwenye sidiria hakujathibitishwa na utafiti wowote kuleta saratani? Pombe, ndiyo, huongeza hatari, hata ya kiasi kidogo. Mazoezi huipunguza. Kwa hiyo ziache sarafu zako, iangalie glasi yako!

Je, wajua kwamba jeni mbovu ya saratani hii unaweza kuirithi kwa baba? Naam, baba! Hata hivyo, ni wagonjwa 5 hadi 10 tu katika kila 100 wanaoupata ugonjwa huu kwa kurithi. Ukisema "kwetu haupo", bado hujakingika.

La mwisho, nalo likae kichwani. Shirika la Afya Duniani linataka kila mwenye dalili awe amepata jibu la vipimo ndani ya siku 60. Wajua siku hizo huanza kuhesabiwa lini? Siku unapofika kituo cha afya! Miezi uliyokaa na uvimbe nyumbani haimo kwenye hesabu, ila saratani huitumia yote. Basi dada, mama, kaka: umegusa kitu? Nenda leo, na anayeona haya msindikize!