Mtoto wa Paka na Maradhi Yake

Wasikilizaji wetu, mkulima avunapo mahindi yake na kuyatia ghalani, mgeni wa kwanza kuja kuyaonja bila kualikwa ni panya. Kwa hiyo watu wengi huomba mtoto wa paka kwa jirani, wakamtia kikapuni na kumleta nyumbani. Baada ya siku chache aghalabu twasikia habari ile ile: yule paka amekufa, wala haijulikani amekufa kwa nini. Watu husema kwamba siku zake zilikwisha. Lakini maradhi mengi ya mtoto wa paka hutanguliwa na dalili, na mtu azitazamaye mapema aweza kumwokoa. Dalili hizo, na la kufanya mtu azionapo, ndiyo maneno yetu ya leo.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mnyama huyu hufa upesi. Azaliwapo uzito wake ni kama gramu 100 tu, na akitimiza majuma 8 kwa kawaida bado hajafika kilo 1. Mwili mdogo namna hii hauna akiba. Ng'ombe akiharisha siku mbili huweza kuvumilia. Mtoto wa paka akiharisha siku moja maji ya mwili wake yaweza kumwishia. Kwa sababu hiyo ugonjwa wake huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Tena asiondolewe kwa mama yake kabla ya majuma 8, kwani maziwa ya mama humpa chakula na kinga pamoja.

Basi kila asubuhi, kwa muda wa majuma mawili ya kwanza, mchukue mtoto wa paka mahali penye mwanga umtazame hivi.

Tazama macho na pua. Yapasa yawe safi. Akipiga chafya, na macho yakigandamana kwa usaha, ameshikwa na mafua ya paka. Yafute kwa kitambaa safi kilichotiwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kitambaa chake. Pua ikiziba hasikii harufu, na asiposikia harufu hataki kula. Hivyo mpashie chakula moto kidogo, harufu yake ipande.

Tazama ufizi. Ufizi wa paka mzima ni mwekundu kidogo, kama ua la waridi. Ukiwa mweupe, damu imepungua. Wanyonyao damu hiyo mara nyingi ni viroboto walio katika manyoya, au minyoo walio tumboni. Viroboto wengi waweza kumwua mtoto wa paka. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, umwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha umkaushe mara moja asipate baridi. Choma matandiko yake ya zamani au yafue kwa maji ya moto.

Tazama tumbo na mavi. Tumbo lililovimba kama ngoma, hali mbavu zaonekana, ni alama ya minyoo. Minyoo wengine humwingia kwa maziwa ya mama yake, kwa hiyo hata paka aliyezaliwa nyumba safi huwa nao. Dawa yake hupatikana kwa daktari wa mifugo, na kipimo hufuata uzito. Akiharisha, jaribu kuvuta ngozi ya mabegani kisha uiachilie. Ikirudi upesi, maji yangalimo mwilini. Ikikawia kurudi, yuko hatarini. Mpe maji safi kidogo kidogo, wala usimpe maziwa ya ng'ombe, kwani hayo huzidisha kuhara. Akitapika na kuhara pamoja, akakataa chakula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Uko ugonjwa mmoja mkali wa paka uanzao hivyo, na virusi vyake huweza kukaa nyumbani hata mwaka mzima. Paka akifa kwa ugonjwa huo, usilete mwingine kabla hajachanjwa.

Tazama pia masikio na ngozi. Uchafu mweusi masikioni, mfano wa unga wa kahawa, huletwa na utitiri. Duara zisizo na manyoya ni choa, nacho huambukiza watoto wa nyumbani. Wanawe mikono kila wamshikapo.

Mwisho tazama mwendo wake. Mtoto wa paka mzima hucheza, hula, kisha hulala. Ukimkuta amelegea na mwili wake ni baridi, usimtilie chakula kinywani, maana tumbo lililopoa haliwezi kazi, na maziwa yaweza kuingia mapafuni. Mpashe moto kwanza. Tia maji ya moto kiasi katika chupa, izungushie kitambaa, umlaze kando yake. Mpake maji ya sukari kidogo kwenye ufizi. Apatapo joto na kuinua kichwa, ndipo umlishe, kisha umpeleke kwa daktari.

Twawaonya juu ya jambo moja. Dawa ya mtu si dawa ya paka. Paracetamol, ambayo watu wazima humeza kwa maumivu ya kichwa, humwua paka, hata ikiwa ni kidonge kimoja. Vile vile dawa za kuogeshea ng'ombe, na dawa nyingi za viroboto vya mbwa, ni sumu kwake.

Liko na jambo liwahusulo wenye nyumba wenyewe. Paka huweza kupata kichaa cha mbwa. Akiuma au kumparura mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na mtu aende hospitali bila kungoja, ajapokuwa paka ni mdogo. Dalili za ugonjwa huo zikianza kwa binadamu, ni nadra sana kupona. Lakini chanjo itolewayo mapema huuzuia. Paka naye achanjwe afikapo miezi mitatu.

Nanyi wanafunzi, kazi hii yawafaa. Mpimeni paka kila juma kwa mizani ya dukani, mkaandike uzito wake katika daftari. Mtoto wa paka asiyeongezeka uzito ni mgonjwa, ajapokuwa bado acheza. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Akitunzwa majuma haya machache ya kwanza, aweza kulinda ghala lenu miaka kumi na zaidi.