Wamoravian wa Mbozi, Henoko wa Ethiopia na safari ndefu ya Kabala

Mwaka 1899 mmisionari Mjerumani, Traugott Bachmann, alifungua kituo cha Kanisa la Moravian Mbozi, katika nchi ya Wanyiha. Alikaa hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomng'oa, na katika kazi alizoziacha imo tafsiri ya Agano Jipya kwa Kinyiha. Mkoa wa Songwe, ambamo Mbozi imo leo, haukuwapo wakati huo. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa. Lakini Wamoravian wa leo wa Vwawa, Mlowo na Tunduma wana undugu wa mbali na kitu ambacho wengi wao wangekikemea kwa jina la Yesu: Kabala, elimu ya mafumbo ya Wayahudi.

Sifa ya jina hilo mitaani ni mbaya. Linatiwa kapu moja na pete za bahati, Freemason na "vitabu vya sita na saba vya Musa". Hivyo vya mwisho tuviondoe njiani mapema. Vilichapwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1849 na mchapishaji Johann Scheible, vikiwa vimejaa mihuri na maneno ya kuita mizimu, kisha vikasambaa hadi Karibi na Afrika Magharibi. Musa hakuviandika. Katika eneo ambalo takriban robo karne iliyopita lilivuma kwa mauaji ya watu kuchunwa ngozi kwa tamaa ya utajiri, kutenganisha uganga wa kununuliwa na dini ya watu si anasa ya wasomi.

Kabala yenyewe ni habari ya watu waliosoma maandiko yao kwa bidii ya kupita kiasi. Inaanzia mahali ambapo msomaji yeyote wa Biblia anaweza kufika: sura ya kwanza ya Ezekieli. Nabii huyo, akiwa uhamishoni Babeli karne ya sita kabla ya Kristo, aliona kiti cha enzi juu ya viumbe wenye nyuso nne na magurudumu yaliyojaa macho. Wayahudi wakaliita fumbo hilo Merkava, yaani gari. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mnamo mwaka 200, inakataza kulifundisha hata kwa mwanafunzi mmoja, isipokuwa awe mwenye hekima ya kujielewesha mwenyewe. Talmudi nayo inasimulia wazee wanne walioingia katika bustani ya siri. Mmoja alichungulia akafa, wa pili akarukwa na akili, wa tatu akaasi imani. Rabi Akiva peke yake alitoka salama.

Chanzo cha pili kilihifadhiwa na Waafrika. Kitabu cha Mwanzo kinasema machache mno juu ya Henoko: alitembea na Mungu, kisha hakuonekana tena. Alikwenda wapi? Jibu likawa kitabu kizima, kilichoanza kuandikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, kikimwonyesha Henoko akipandishwa mbinguni na kuonyeshwa siri za malaika na mienendo ya nyota. Waraka wa Yuda, aya ya 14, unakinukuu, kwa hiyo kipande chake kimo katika Biblia ya kila nyumba ya Mkristo Tunduma. Baadaye makanisa mengine yalikiacha, marabi wakakiweka kando, kikapotea. Waethiopia peke yao walibaki nacho chote, kwa Kigeez, Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo na Wayahudi wa Beta Israel vilevile. Ulaya ilikiona kizima baada ya msafiri Mskoti James Bruce kurudi na nakala zake katika miaka ya 1770, na tafsiri ya Kiingereza ya Richard Laurence ikatoka mwaka 1821. Vipande vya Kiaramu vilivyopatikana kwenye mapango ya Qumran, karne ya 20, vikathibitisha kwamba Waethiopia walikuwa wametunza kitu cha kale kweli. (Anayekwenda Ndolezi kutazama kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16, ajue kwamba Henoko naye anasimulia nyota zinazoanguka kutoka mbinguni. Zake ni malaika walioasi.)

Katika maandiko ya Kiebrania yaliyofuata, yanayoitwa Hekhalot, Henoko hageuki mtakatifu tu. Anakuwa Metatron, malaika mkuu mwenye kiti chake mbinguni. Karibu na zama hizo kikatokea Sefer Yetzirah, kijitabu kifupi kinachodai kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa herufi 22 za Kiebrania na tarakimu 10. Mwishoni mwa karne ya 12, kusini mwa Ufaransa, kikajulikana kitabu cha Bahir.

Kisha kikaja kilicho kikubwa kuliko vyote: Zohar. Kilianza kuzagaa Hispania katika miaka ya 1280, kwa Kiaramu, kikisemwa kuwa ni mafundisho ya Rabi Shimon bar Yochai wa Galilaya, aliyeishi karne ya pili. Aliyekuwa akizitoa nakala ni Moses de León. Mwaka 1305 Isaka wa Akko, mkimbizi aliyenusurika mji wake ulipoangushwa, alifika Hispania kuchunguza. De León akamwapia kwamba nakala ya kale ipo nyumbani kwake Ávila, kisha akafariki njiani kabla ya kuionyesha. Tajiri mmoja akatumia werevu: mkewe akamwendea mjane kumposea binti yake kijana wao, na mahari yawe hiyo nakala. Mjane akaapa kwamba haikuwahi kuwapo. Mumewe aliandika kutoka kichwani, na alipomuuliza kwa nini hatumii jina lake mwenyewe, alimjibu kwamba kwa jina lake hakuna ambaye angelipa. Wafanyabiashara wa Tunduma watamwelewa haraka kuliko maprofesa. Habari hiyo imetufikia kwa mikono ya watu, na leo wapo wanazuoni wanaoona Zohar ni kazi ya kundi zima. Lakini Gershom Scholem wa Chuo Kikuu cha Kiebrania Yerusalemu, aliyeifanya Kabala kuwa somo la chuo kikuu, alihitimisha kwamba sehemu yake kubwa ni ya de León. Nami naona kughushi jina hakukipunguzii kitabu kina chake.

Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, elimu hiyo ilihamia Safed, Galilaya. Huko Isaka Luria, aliyelelewa Misri, alifundisha kwa miaka miwili tu kabla ya kufa mwaka 1572: kwamba vyombo vya nuru ya Mungu vilivunjika wakati wa kuumba, na kila tendo jema huokota cheche. Fundisho hilo lilizaa matumaini makali. Mwaka 1665 Shabbetai Zevi alitangazwa kuwa Masihi. Watu wakaacha kazi na kuuza mali, na mwaka uliofuata, mbele ya sultani wa Uturuki, akasilimu. Mpaka wetu unaijua homa ya namna hiyo: mwaka 1918 na 1919, ng'ambo ya Tunduma, katika Zambia ya leo, mhubiri wa Watch Tower aliyeitwa Hanoc, yaani Henoko, Sindano alitangaza kwamba mwisho umefika, na wafuasi wakakataa kubebea Waingereza mizigo.

Undugu wa Wamoravian sasa. Mwaka 1729 kijana Mlutheri Friedrich Christoph Oetinger alijifunza Kabala Frankfurt kwa Myahudi Koppel Hecht. Hecht alimwambia kwamba Wakristo wanacho kitabu kinachoieleza waziwazi kuliko Zohar: maandishi ya Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz. Mwaka uliofuata Oetinger alikwenda Herrnhut, si mbali na Görlitz, akakaa na Zinzendorf, mwasisi wa Moravian mpya. Hawakudumu pamoja, Zinzendorf hakuwa mtu wa Kabala. Ila mazungumzo hayo yalifanyika katika kijiji kilekile kilichokuja kutuma wamisionari Mbozi.

Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, cha Wamoravian, kipo Mbeya, barabara moja na Tunduma. Kifundishe historia hii kwa Kiswahili, wachungaji waijue, ili muumini anayeambiwa alipie "siri ya Musa" awe na mtu wa kumuuliza.