Kompyuta ya Nyumbani Isitangaze Maradhi Yako

Mama mmoja wa Garsen alikuja kuniona akiwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Nilipomwuliza aliugundua lini, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni miezi minane iliyopita. Nikataka kujua kilichomchelewesha. Je, ni nauli? Ni mafuriko? Au ni hofu ya kupasuliwa? Akanijibu, "Daktari, ni kompyuta."

Kisa chake amenipa ruhusa kukieleza, nami nimebadilisha mambo machache asije akatambulika. Jioni moja alipokuwa akioga aligusa kitu kigumu mfano wa punje ya hindi. Hakutaka kumtia mumewe hofu bila sababu. Nyumbani mwao mna kompyuta moja, ambayo watoto huitumia kwa masomo, shemeji yake kwa barua za kazi, na wifi yake kwa kutazama sinema. Watu walipolala, aliandika "saratani ya titi", akasoma kurasa tatu nne, akafunga, akaenda kulala.

Asubuhi mwanawe wa sekondari alikaa mbele ya kompyuta ile ile kutafuta habari za somo la sayansi. Alipoandika herufi mbili tu, "sa", kompyuta ikammalizia yenyewe: "saratani ya titi". Kijana akauliza kwa sauti ni nani mgonjwa. Kufikia jioni wifi alikuwa amesikia, na mama mkwe pia. Kwa aibu, mama huyu akasema alikuwa akimsomea jirani. Akishasema hivyo, angeombaje nauli ya kwenda hospitali bila kuonekana mwongo? Basi akanyamaza, na uvimbe ukaendelea kukua.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna awezaye kulijua hilo kwa kukisia nyumbani; ni lazima upimwe. Wa mama huyu ulikuwa saratani. Sasa yumo katika matibabu, ila ni matibabu mazito na marefu kuliko yale ambayo angepata angekuja mwanzoni.

Swali si ugonjwa

Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi madaktari twapenda sana kuwakariria wagonjwa methali hiyo. Lakini kumficha daktari maradhi ni jambo moja, na kuwa na siri yako mbele ya watu wa nyumbani ni jambo jingine. Mara nyingi hilo la pili ndilo linalompa mtu ujasiri wa kuliepuka la kwanza. Mtu akiwa na mahali pa kuuliza bila kuonekana, huuliza mapema, na akiuliza mapema hutibiwa mapema.

Jambo hili lina uzito zaidi katika miji midogo. Kaunti nzima ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya mwaka 2019, wametawanyika kutoka Madogo hadi baharini. Katika mji kama Garsen, ulio njiani kati ya Malindi na Lamu, muuguzi wa zahanati anaweza kuwa binamu yako, na anayeketi karibu nawe kwenye foleni anaweza kuwa mkwe wako. Haishangazi basi kwamba wengi huuliza mtandao wa intaneti kabla ya kumwuliza binadamu. Huuliza kuhusu ukimwi, kupanga uzazi, nguvu za kiume, kifua kikuu, tohara ya wasichana, na mawazo mazito yanayowanyima usingizi.

Hata hivyo, anayeona swali lako huliona kama jibu. Aliyesoma kuhusu ukimwi huhesabiwa kuwa anao, na msichana aliyesoma kuhusu vidonge vya uzazi huhesabiwa kuwa mhuni, ingawa huenda alikuwa akiandika insha ya shule.

Kompyuta hukumbuka vipi?

Programu tunayoitumia kufungulia kurasa za mtandao huitwa kivinjari. Chrome, Firefox, Edge na Safari zote ni vivinjari. Kivinjari kimetengenezwa kukumbuka, ili kikurahisishie kazi. Kumbukumbu zake ni za namna nyingi.

Kwanza, huweka orodha ya kila ukurasa uliofunguliwa, pamoja na siku na saa. Katika Chrome, Firefox na Edge za kompyuta ya Windows, mtu yeyote akibonyeza Ctrl na H kwa pamoja ataiona. Pili, huhifadhi maneno uliyoyaandika, ili mara nyingine yakamilike yenyewe. Hili ndilo lililomfichua mama yule. Tatu, tovuti huacha vijifaili vidogo viitwavyo vidakuzi, ambavyo hukutambulisha kwa tovuti hizo ukirudi. Kwa sababu ya vidakuzi, mtu akisoma leo kuhusu ujauzito, kesho kompyuta yaweza kumwonyesha kila anayeitumia matangazo ya nguo za watoto.

Nne, na hili wengi hawalijui, kuna akaunti. Nyumba nyingi hutumia akaunti moja ya Google, ambayo mtu mmoja aliifungua siku simu ya kwanza iliponunuliwa. Akaunti hiyo ikiwa kwenye kompyuta ya Garsen na pia kwenye simu ya baba aliye kazini Mombasa, yaliyotafutwa huku yanaweza kuonekana kule. Mume hahitaji kuwa nyumbani ili ajue mkewe alisoma nini jana usiku.

Dirisha fiche: linalofanya na lisilofanya

Kila kivinjari nilichokitaja kina dirisha fiche. Katika Chrome huitwa Incognito, katika Edge InPrivate, na katika Firefox na Safari huitwa Private. Katika kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Ukimaliza na kuyafunga madirisha fiche yote, kivinjari husahau kurasa ulizofungua, maneno uliyoandika na vidakuzi vilivyoachwa.

Dirisha hili hukukinga na watu wa nyumbani watakaokaa kwenye kiti hicho baada yako. Halikukingi na dunia. Kampuni inayokuuzia intaneti, au anayesimamia mtandao wa ofisini, bado anaweza kuona jina la tovuti uliyoitembelea, ingawa kwa tovuti nyingi za leo haoni ukurasa wenyewe uliousoma. Mwaka 2020 watumiaji walishtaki Google nchini Marekani wakidai kwamba iliendelea kukusanya habari zao hata walipotumia dirisha fiche. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za namna hiyo.

Tena, faili ulilopakua hubaki kwenye kompyuta hata ukifunga dirisha. Vivyo hivyo alamisho ulizoweka, na karatasi uliyoichapisha ukaisahau kwenye mashine.

Namna ya kujikinga

Ningeandika cheti cha dawa kwa tatizo hili, kingekuwa hivi:

1. Tumia dirisha fiche kila unaposoma jambo la siri. Ukimaliza, lifunge. Kulipunguza tu chini ya kioo hakutoshi.

2. Usiingie kwenye akaunti ya familia ukiwa ndani ya dirisha hilo. Ukiingia, yale utakayotafuta yanaweza kuwekwa kwenye akaunti yenyewe.

3. Ukisahau na kutumia dirisha la kawaida, fungua orodha ya kumbukumbu, chagua mistari inayokuhusu, uifute. Kama akaunti ya Google ilikuwa wazi, pitia pia kumbukumbu za shughuli zilizomo kwenye akaunti hiyo, kwani mara nyingi hizo hufutwa kando.

4. Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi nenosiri lako, ikatalie. Ukimaliza kusoma barua pepe, toka kwenye akaunti.

5. Lililo bora zaidi, kila mtu mzima awe na sehemu yake. Windows huruhusu kompyuta moja kuwa na watumiaji kadhaa, kila mmoja na nenosiri lake. Fahamu tu kwamba aliyepewa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta anaweza kufungua mafaili ya wengine.

Haya yanahusu simu pia. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwaka 2024, jamaa nyingi zilihama makwao, na katika hali kama hiyo simu moja huzunguka mikono mingi. Vivinjari vya simu navyo vina dirisha fiche.

Kama nyumbani kuna vitisho

Kwa anayeishi na mtu mkali, ushauri wangu hubadilika. Usifute kumbukumbu zote kwa mara moja. Orodha iliyokuwa ndefu jana ikiwa tupu leo, huamsha shaka na yaweza kuleta kipigo. Futa mistari michache inayohusika, uache ile ya habari na mapishi.

Pia zipo programu za upelelezi ambazo mtu huweza kuziweka kwa siri kwenye kompyuta au simu ya mwenzake, zikarekodi kila kinachoandikwa. Dirisha fiche halizizuii. Ukihisi kwamba kila unalosoma linajulikana, acha kuutumia mtambo huo kwa mambo ya siri. Tumia wa mtu unayemwamini, au mwone mhudumu wa afya ana kwa ana.

Kwa Kenya, namba 1195 hupokea simu za waliodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote hazina malipo. Lakini kumbuka kwamba simu nayo huweka orodha ya namba ulizopiga, hivyo ifute namba hiyo ukimaliza.

Sheria huishia mlangoni

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutoa matokeo ya kipimo cha mtu bila ridhaa yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mimi nikitangaza ugonjwa wako sokoni, unaweza kunishtaki.

Lakini sheria hiyo ya mwaka 2019 haigusi habari ambazo mtu anazishughulikia kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Kwa hivyo usiitegemee ikulinde na wifi anayechungulia kompyuta ya sebuleni. Hapo ulinzi ni wako mwenyewe, pamoja na adabu ya wale unaoishi nao.

Neno kwa walio nyumbani

Wewe uliyefungua kompyuta ukakuta swali la mwenzako, usiulize mbele ya watu. Usimpe jina la ugonjwa ambao hakuna aliyempima. Kama ni lazima useme neno, mwite faraghani, umwambie kwamba ukihitajika kumsindikiza hospitali uko tayari, kisha nyamaza. Wazazi wenye watoto wadogo wana haki ya kuangalia watoto wanafungua nini, lakini kijana anayesoma kuhusu mwili wake si mhalifu. Ukimwaibisha leo, kesho atawauliza wenzake wasiojua kitu.

Na wewe mwenye swali, mtandao ni mahali pa kuanzia tu. Hauwezi kugusa uvimbe wala kusikiliza kifua. Ukiona uvimbe kwenye titi, ngozi yake kujikunja, au chuchu kutoa damu au kuingia ndani, nenda ukapimwe juma hili hili, hata kama kurasa ulizosoma zimekutuliza. Kikohozi kilichopita majuma mawili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Aliyeshukiwa kuwa na virusi vya ukimwi apimwe, kwani dawa zipo, na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Mama yule wa Garsen sasa huja kliniki na mumewe. Siku moja bwana huyo aliniambia kwamba angejua mapema angeuza mbuzi ile ile asubuhi apate nauli. Namwamini. Lakini mkewe alihitaji kwanza kusoma peke yake, atulie, kisha amwambie kwa kinywa chake mwenyewe. Kompyuta haikumpa nafasi hiyo.