Wapokomo na Waorma: Wanafanana Wapi, Wanaachana Wapi?

Swali linalorudi kila tunapokaa na vikundi ni hili: je, Mpokomo na Muorma wanaweza kuwa na mradi mmoja? Kabla ya kujibu, hebu tuwatazame vizuri.

Kwa lugha wako mbali. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili na Kigiriama, na Kiorma ni cha ukoo wa Waoromo wa Ethiopia. Ndiyo maana sokoni wanakutana kwa Kiswahili. Kwa dini, msidanganywe na wanaosema ni ugomvi wa Waislamu na Wakristo. Waorma ni Waislamu, hilo kweli. Lakini Wapokomo wako pande zote mbili: Ngao misheni ilifika mwaka 1887 na Ukristo ukashika, na Wapokomo wa juu wengi wao ni Waislamu. Watu wanaoswali kibla kimoja nao wameshapigana.

Wanapofanana ni kwenye ukoo na wazee. Wapokomo wana Gasa, Waorma wana Matadeda, na kote wazee hukaa, husikiliza, huamua fidia. Kote pia vijana na akina mama huambiwa wangoje nje. Hapo sisi hatusifu upande wowote.

Tofauti kubwa ni mali. Mali ya Mpokomo imekaa mahali pamoja: mpunga, ndizi, miembe. Mkulima wa Ozi hutegemea hata bahari, maana maji yakijaa huyasukuma maji matamu ya mto yapande mashambani (siku hizi chumvi nayo inapanda, na hiyo ni shida nyingine). Mali ya Muorma inatembea. Mvua ikinyesha yuko bara na ng'ombe wake. Kiangazi kikikaza anarudi deltani, kwa sababu ndiko kwenye majani na maji.

Sasa angalieni. Mashamba yamepangwa kando ya mto, moja baada ya jingine. Kila familia ikilima mpaka ukingoni, ng'ombe atanywa wapi? Njia ya kumfikisha mtoni ndiyo malka, neno la Kiorma ambalo hata Mpokomo analitumia. Mkulima huona malka inakula shamba lake, mfugaji huona shamba limeziba malka. Na mpunga ukichelewa kukomaa, ng'ombe wakawahi kufika, basi usiku mmoja unatosha kumaliza jasho la miezi. Tuliona mwisho wake mwaka 2001, na vibaya zaidi Agosti na Septemba 2012, walipouawa watu zaidi ya 100, watoto wakiwemo.

Mambo haya si mapya. Someni Mwanzo sura ya 26, wachungaji wa Isaka wakigombea visima na watu wa Gerari. Isaka alihama akachimba kingine. Sisi mto ni mmoja, hatuna pa kuhamia.

Kwa hiyo jibu letu: ndiyo, mradi unawezekana, lakini msianze na pesa. Anzeni na malka. Tembeeni pamoja, mkubaliane ipite wapi na iwe na upana gani, mpande miti ya mpaka, muandike na mzee wa kila upande atie kidole. Kubalianeni pia tarehe: ng'ombe waingie baada ya mavuno, wale mabua, wamwache mwenye shamba na samadi. Wakiingia kabla, hasara ipimwe siku hiyo hiyo na watu wa pande zote mbili, kabla maneno hayajafika kijiji cha pili. Na kwenye kupima awepo mama, kwa sababu mpunga huo mara nyingi ni yeye aliyeulima, na kwa Waorma maziwa yako mkononi mwake.