Grace Geyoro: mtoto wa Kolwezi aliyevaa jezi ya Ufaransa

Tarehe 9 Julai 2025, ekipe mbili za wanawake zilicheza siku moja, kila moja bara lake. Kule Rabat, Léopards wanawake wa RDC walifungwa na Maroko mabao 4 kwa 2 katika Kombe la Afrika, CAN. Kule St. Gallen, Uswisi, Ufaransa iliifunga Wales mabao 4 kwa 1 katika Kombe la Ulaya. Bao la nne la Wafaransa lilitiwa na kiungo wa kati mwenye alizaliwa Kolwezi. Jina lake ni Grace Geyoro.

Hapa Bukavu, watu wakianza kuongea kabumbu, iwe Kadutu, Ibanda ao Bagira, majina yanayotoka kinywani ni yale yale: Chancel Mbemba, Cédric Bakambu, Yoane Wissa. Wenye umri mkubwa kidogo wataongeza Claude Makélélé na Steve Mandanda, wote wawili wazaliwa wa Kinshasa, wote wawili waliichezea Ufaransa. Jina la Geyoro halitoki haraka. Ni mwanamke, na kabumbu la wanawake haliwekwi sana kwenye televisheni za mitaa yetu. Lakini ukihesabu miaka, mechi na vikombe, ni wazaliwa wachache wa Kongo waliofika mahali alipofika.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1997. Wasomaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa huo ulikuwa mwaka gani. Vita vilivyoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996 vilikuwa vimevuka inchi nzima, na tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wa AFDL wakaingia Kinshasa. Zaire ikawa tena Kongo. Mtoto huyu alizaliwa wiki sita na siku chache baadaye, katika mji wa shaba na kobalti ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Wafaransa wenye umri walikuwa wanajua jina la mji huo kwa sababu nyingine kabisa: Mei 1978, askari wao wa miamvuli waliruka juu ya Kolwezi wakati wa vita vya Shaba. Karibu miaka 40 baadaye, jina hilo likawa linaandikwa kwenye orodha ya wachezaji wao, pembeni ya neno "amezaliwa".

Familia yake ilihamia Ufaransa Grace akiwa angali mdogo sana. Alikulia upande wa Orléans, kusini ya Paris, na akaanza mpira katika klabu ndogo ya mji wa Meung-sur-Loire, kando ya mto Loire. Si klabu kubwa, na hapo ndipo tofauti inapoanza. Katika inchi ile, hata mji mdogo una kiwanja, kocha, na karatasi ya kuandikisha mtoto msichana kama wanavyoandikishwa wavulana. Wasichana wanaruhusiwa kucheza pamoja na wavulana mpaka wafike umri fulani, na yule mwenye kipaji anaonekana mapema. Geyoro alionekana. Akachukuliwa Clairefontaine, kituo cha shirikisho la kabumbu la Ufaransa, mahali ambapo vijana wanalala, wanasoma masomo yao ya shule na kufanya mazoezi pamoja. Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, akaingia Paris Saint-Germain.

Alibaki pale miaka 11.

Swali ambalo Mkongomani anauliza mara moja ni hili: kwa nini hakuichezea Kongo? Jibu la haraka, lile la kusema kwamba alituacha, halisimami ukiangalia tarehe. Alipoanza kucheza katika ekipe kubwa ya Ufaransa, Januari 2017, dhidi ya Afrika Kusini katika kisiwa cha La Réunion, Léopards wanawake walikuwa wamefika fainali za CAN mara tatu tu katika historia yao: 1998, walipomaliza wa tatu, kisha 2006 na 2012. Baada ya hapo ikawa kimya. Iliwabidi wangoje mpaka ile CAN ya Julai 2025 kule Maroko ili warudi. Maana yake, msichana mwenye kipaji, aliye Ufaransa tangu utotoni na ambaye tayari amekuwa bingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 19 mwaka 2016, na mwaka ule ule akafika fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 20, angengoja miaka minane kabla ya kuona ekipe ya Kongo katika mashindano makubwa. Hakuna mchezaji mwenye miaka minane ya kutupa.

Kwa wanaume mambo yanakwenda tofauti. Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia, mwaka ule ule wa 1997, alikulia Uingereza na kuvaa jezi za vijana wa Uingereza, lakini baadaye akakubali kujiunga na Léopards. Wissa alizaliwa Ufaransa na anacheza kwa ajili ya Kongo. Hao walikuta nyumba yenye mlango wazi: ekipe inayokwenda CAN, kocha anayepiga simu, uwanja unaojaa watu. Kwa upande wa wanawake nyumba hiyo ilikuwa imefungwa muda mrefu. Na kanuni za FIFA haziruhusu mtu aliyecheza mechi nyingi za mashindano na ekipe kubwa ya inchi moja kuhamia nyingine. Kwa Geyoro, hesabu hiyo ilikwisha kufungwa.

Kule Paris, kazi yake ilikuwa ngumu kwa sababu moja yenye jina: Lyon. Klabu hiyo ilikuwa imechukua ubingwa wa Ufaransa mara 14 mfululizo, tangu 2007 mpaka 2020, na Kombe la mabingwa la Ulaya mara tano mfululizo. Mwaka 2017, PSG na Lyon zilikutana katika fainali ya Ulaya mjini Cardiff. Mechi ikaisha bila bao, wakapiga penalti, Lyon ikashinda 7 kwa 6. Mtu anaweza kuishi kazi yake yote nyuma ya klabu ya namna hiyo.

Lakini ikafika 2021. Aprili mwaka huo, katika robo fainali ya Ulaya, PSG ilikwenda Lyon ikiwa imekwisha kufungwa 1 kwa 0 nyumbani. Lyon ikatia bao la kwanza tena. Ni Geyoro aliyesawazisha, PSG ikashinda 2 kwa 1 na kuwatoa mabingwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Wiki chache baadaye PSG ikachukua ubingwa wa Ufaransa, wa kwanza katika historia ya ekipe yake ya wanawake. Geyoro ana pia Makombe ya Ufaransa ya 2018, 2022 na 2024, na katika miaka yake ya mwisho pale alivaa kitambaa cha kapteni.

Upande ule wa Lyon kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye habari yake inasaidia kuelewa hii. Ada Hegerberg, Mnorwe, aliingia Lyon mwaka ule ule wa 2014 ambao Geyoro aliingia Paris. Desemba 2018 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Ballon d'Or. Lakini alipopewa tuzo hiyo alikuwa hachezi tena na ekipe ya inchi yake. Aliiacha 2017, baada ya Kombe la Ulaya, akisema kwamba Norwe haikuwapa wanawake heshima na mazingira mazuri ya kazi. Kombe la Dunia la 2019 lilichezwa Ufaransa, inchi alimokuwa anafanyia kazi, Norwe ikacheza na Ufaransa mjini Nice na kufungwa 2 kwa 1, na mchezaji wake bora hakuwepo. Alirudi tu mwaka 2022, na katika mechi yake ya kwanza ya kurudi, dhidi ya Kosovo, akatia mabao matatu.

Norwe ni inchi tajiri. Mwaka ule ule wa 2017 shirikisho lake lilikubali kulipa ekipe ya wanawake sawa na ya wanaume. Hata hivyo ilimpoteza mchezaji wake mkubwa kwa miaka mitano, kwa sababu fedha peke yake haikutosha. Hegerberg alikuwa na inchi moja tu ya kuidai. Geyoro alikuwa nazo mbili, na moja haikuwa na kitu cha kumpa.

Mechi ambayo ilimjulisha Geyoro kwa dunia ilichezwa tarehe 10 Julai 2022, mjini Rotherham, Uingereza. Ufaransa ilikuwa inaanza Kombe la Ulaya dhidi ya Italia. Dakika ya 9 akatia bao. Dakika ya 40 la pili. Dakika ya 45, kabla ya mapumziko, la tatu. Hakuna mwanamke aliyewahi kutia mabao matatu katika kipindi cha kwanza cha mechi ya fainali za Ulaya kabla yake. Ufaransa ilimaliza na 5 kwa 1. Na huyu si mshambuliaji. Ni kiungo, mtu wa kukimbia katikati, kunyang'anya mpira na kuupeleka mbele, ambaye anaingia katika eneo la penalti akichelewa kidogo, wakati mabeki wamekwisha kumsahau.

Kikombe pamoja na Ufaransa bado kinamkimbia. 2022 walitolewa na Ujerumani katika nusu fainali. 2023, Kombe la Dunia, Australia iliwatoa kwa penalti. 2024, michezo ya Olimpiki nyumbani kwao, Brazil. Na 2025, siku kumi baada ya ile mechi na Wales, Ujerumani tena, mjini Basel: Wajerumani walibaki kumi mapema sana, Geyoro akatia penalti, na bado Ufaransa ikashindwa kwa mapigo ya penalti baada ya sare ya 1 kwa 1.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Bukavu hawezi kuliruka. Tangu 2019, PSG ina mkataba wa matangazo na serikali ya Rwanda, ule wa "Visit Rwanda". Mwanzoni mwa 2025, Goma ikiwa imekwisha kuanguka, waziri wa mambo ya kigeni wa RDC, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia klabu tatu, PSG, Arsenal na Bayern Munich, akiziomba zivunje mikataba yao na Kigali. Katikati ya Februari, AFC/M23 wakaingia Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia wapiganaji hao, Kigali inakana. Aprili, PSG ikatangaza kwamba inaongeza mkataba mpaka 2028. Miezi hiyo yote, ekipe ya wanawake ya klabu hiyo ilikuwa inaongozwa na mzaliwa wa Kolwezi. Wachezaji hawachagui wadhamini, na mtu asimbebeshe mzigo ambao si wake. Lakini aliyekuwa anafuata habari hizo akiwa hapa mjini aliona jinsi kabumbu inavyoweza kuweka Kongo pande mbili za karatasi moja.

Septemba 2025 Geyoro aliondoka Paris. Alikwenda London City Lionesses, klabu iliyokuwa imepanda tu ligi kuu ya wanawake ya Uingereza na ambayo haiko chini ya klabu yoyote ya wanaume. Mwenye klabu ni Michele Kang, tajiri Mmarekani ambaye pia ndiye mwenye ekipe ya wanawake ya Lyon. Vyombo vya habari vya Uingereza vilitaja ada ya karibu pauni milioni 1.4, ambayo wakati huo ingekuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa mchezaji mwanamke. Ili kupima: klabu ile ile ya PSG, mwaka 2017, ilimnunua Neymar kwa euro milioni 222.

Kabla hajaondoka, miezi michache, chumba cha kuvalia cha PSG kilikuwa na Wakongomani wawili. Januari 2025 alifika pale Merveille Kanjinga, mshambuliaji kutoka TP Mazembe ya Lubumbashi. Huyu hakupita Clairefontaine wala kando ya Loire. Alitoka moja kwa moja katika kabumbu ya Kongo, na mwezi Novemba 2024 Mazembe wanawake walikuwa wamechukua Ligi ya mabingwa ya Afrika kwa kuwafunga AS FAR wa Maroko 1 kwa 0, kwao Maroko, kwa penalti ya Marlène Kasaj. Klabu hiyo ina uwanja wake, ina kituo cha vijana, na CAF inazidai klabu za wanaume zinazotaka kucheza mashindano yake ziwe na ekipe ya wanawake.

Kwa hiyo njia ya pili sasa ipo, ila inaanzia Lubumbashi. Msichana wa Kadutu anayepiga mpira karibu na uwanja wa Concorde, pale ambapo OC Muungano na OC Bukavu Dawa wamejaza watu kwa miaka mingi, yuko mbali na Lubumbashi karibu kama alivyo mbali na Paris: barabara ni mbaya, na uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa pamoja na mji. Kanjinga, yeye, alibaki PSG baada ya Geyoro kuondoka. Na wakati wa CAN ya Maroko, alivaa jezi ya Léopards.