Kabla ya kuingia kisimani, hewa ipimwe



Hewa mbaya hukaa chini ya kisima au shimo la choo. Haionekani, na mara nyingi hainuki. Waliotoka pande za Goma wanaijua kwa jina la mazuku. Mchimbaji asishuke kabla hewa haijapimwa.

Lakini chombo cha kupimia nacho huharibika. Kila asubuhi, kabla ya kazi, fundi akihakikishe hivi:

1. Akiwashe mahali pa wazi penye upepo, mbali na shimo, moshi na magari. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, chombo kisome hivyo. Kikisawazishwa kando ya shimo, kitaihesabu hewa mbaya kuwa safi, na hapo kitawadanganya.

2. Akipulizie gesi ya majaribio kutoka kwenye chupa. Namba ikaribiane na ile iliyoandikwa kwenye chupa, na kengele ilie.

3. Zisipolingana, akirekebishe. Kikikataa, kazi isimame.

Kisha akiteremshe kwa kamba, akingoje dakika 2 juu, katikati na chini. Kengele ikilia, au oksijeni ikiwa chini ya 19.5, mtu asishuke.

Msitegemee mshumaa. Ziko gesi zinazoua huku mshumaa ukiwaka.

Anayeshuka afungwe kamba. Akizimia, mvuteni kutoka juu, waiteni wasaidizi. Usimfuate chini: wengi hufa wakitaka kuokoa.