Tsedaka: Kutoa ni Kulipa Deni

Neno «sadaka» tunalijua sisi wote. Lilitufikia kutoka lugha ya Waarabu, nalo ni ndugu wa neno moja la Kiebrania: tsedaka. Lakini tukiwauliza Wayuda maana yake, hawatatujibu kwanza «huruma», watatujibu «haki». Hapo tunashangaa. Sisi tukimpa maskini kitu, tunafikiri tumemtendea wema, naye sharti atushukuru. Myuda anayeshika sheria yake anafikiri namna nyingine: nimelipa deni.

Deni gani? Kwa sheria ya Musa, inchi ni mali ya Mungu. Kwa hiyo mwenye shamba amekatazwa kuvuna mpaka pembeni kabisa. Pembe ya shamba, masuke yaliyoanguka na mganda uliosahauliwa ni mali ya maskini, ya mgeni, ya yatima na ya mjane. Wanaingia na kujitwalia kilicho chao. Ndivyo Ruta, mgeni kutoka Moabu, alivyookota masuke katika shamba la Boazi huko Betlehemu.

Na wale wasio na shamba? Walimu wa Wayuda waliweka desturi ya kapu la mji. Watu wawili walizunguka kila juma kukusanya feza, maana mtu mmoja peke yake hakupewa mamlaka juu ya watu. Lakini kwa kuzigawanya walitakiwa watu watatu, kama waamuzi katika baraza, kwa sababu kupima mahitaji ya mtu ni kukata hukumu. Hata maskini anayelishwa na kapu lile ameagizwa kutoa kidogo. Heshima ya kutoa si ya matajiri peke yao.

Ndiyo, heshima! Hapo ndipo penye shida kubwa, kwa maana mkono unaotoa unaweza pia kuaibisha. Wayuda waliiona hatari hiyo zamani. Walimu wao wanasimulia kwamba katika Hekalu la Yeruzalemu kulikuwa na chumba cha siri: wenye mali waliweka humo feza kimyakimya, na watu wa jamaa njema walioanguka katika umaskini walizitwaa kimyakimya. Baadaye Moses Maimonides, mganga na mwalimu wa sheria aliyezaliwa Cordoba katika Hispania mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, alipanga ngazi nane za kutoa. Ngazi ya chini kabisa ni ya mtu anayetoa kwa moyo mzito. Ngazi ya pili kutoka juu ni pale ambapo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Na ya juu kabisa? Ni kumkopesha mwenzako, kushirikiana naye katika biashara, au kumtafutia kazi, ili asimame mwenyewe asihitaji kuomba tena.

Lakini feza peke yake haitoshi. Wayuda wanafundisha kwamba kuna wema mkubwa kuliko tsedaka: ule unaotendwa kwa mwili pia, kwa tajiri na kwa maskini, kwa wazima na kwa wafu. Kutazama wagonjwa, kupokea wageni, kuosha maiti na kumzika. Maiti hawezi kurudisha wema. Kwa hiyo wema huo unaitwa wa kweli.

Mafundisho haya hayakubaki katika vitabu. Mwaka 1976, mwalimu mmoja wa Yeruzalemu, Uri Lupolianski, alianzisha chama kinachoitwa Yad Sarah, ndiyo kusema Mkono wa Sara. Kinaazima watu vyombo vya wagonjwa: magongo, viti vya magurudumu, mashine za kusaidia kupumua. Maelfu ya watu wanakitumikia pasipo mshahara, na wengi wao ni wazee waliokwisha kustaafu. Tuangalie hekima yake: mwenye kuazima si mwombaji, kwa kuwa atarudisha. Anatoka mlangoni na gongo lake, na uso wake hauna haya.

Basi, ndugu, tunapofungua mkono tujiulize maneno mawili. Huyu tunayemsaidia, je, anaweza bado kututazama machoni? Na kesho, atakuwa na haja nasi zaidi, au kidogo? Tukimfundisha kazi au kumkopesha mbegu, labda hatatushukuru sana. Si neno. Mtu aliyelipwa deni lake hana lazima ya kupiga magoti.